Usukani wa Digrii Mia Mbili na Kumi

4 Machi

Nimefika mchana, nimelowa mpaka soksi. Mdogo wangu kinyozi amenipokea begi mlangoni, akaniuliza kama nimehama au nimekuja kwa wiki sita. Nikamwambia nusu ya begi ni kazi. Maktaba ya chuo imeniruhusu kuorodhesha vitabu nikiwa nyumbani, mradi orodha iwe imekamilika mvua zikiisha. Akasema, "Bi Kabati hata akifika mbinguni ataanza kwa kuuliza droo ziko wapi." Jina hilo alinipa tukiwa watoto na mpaka leo halijamchosha.

Kesho anaondoka na wifi kwenda kwa wakwe zake, mtoto azaliwe huko, karibu na mama yake wifi. Mimi nitabaki na Baba.

Baba amekonda. Kiharusi kilimpiga Agosti mwaka jana, upande wa kulia. Anatembea kwa fimbo, anaongea vizuri, na utani wake uko pale pale, lakini mkono haujarudi. Ndio mkono uliochora mabango ya maduka kwa miaka arobaini, na sasa vidole vinafunguka nusu tu. Akiushika kwa mkono wa kushoto na kuuweka mapajani, natazama pembeni.

Kwenye chumba cha mbele kuna kompyuta, na ukingoni mwa meza wamefunga usukani wa plastiki wa kuchezea gemu ya malori. Ni ushauri wa yule dada wa mazoezi ya viungo, anayekuja kila Jumatatu. Baba anamwita Bibi Nyosha, kwa kuwa anadai hajawahi kumsikia akisema neno jingine. Mdogo wangu alinionyesha namna ya kuwasha, kisha akasema, "Itumie kwa kazi zako, Dada, lakini iache ilivyo."

Nikamuuliza ilivyo ni vipi. Akacheka, akaenda kufunga mizigo.

5 Machi

Wameondoka. Mvua kutwa nzima.

9 Machi

Nimemtazama Baba akiendesha. Nilidhani ni mchezo wa kupotezea muda, nimekuta ni kazi. Anakaa wima, mkono wa kulia peke yake kwenye usukani, wa kushoto ameukalia usije ukaingilia. Lori lake ni la buluu. Limeshatembea kilomita elfu kumi na moja kwenye barabara ambazo hazipo, na ana gereji yake, na anamsimulia kila mtu habari za bei ya matairi kana kwamba kesho ataenda kuyanunua. Kuna kona ya kiwanda cha saruji iliyomshinda miezi miwili. Leo ameipita mara tatu mfululizo, jasho linamtoka.

"Umeona?" akaniuliza. "Mkono huu. Wenyewe."

Bibi Nyosha alikuwapo. Wakati wa kuondoka, akiwa anavaa viatu barazani, alinieleza kwamba mwaka wa kwanza ndio wa kuubembeleza mkono, ukipita unakuwa mgumu, na kila siku ya kazi inahesabika. "Mpaka Agosti atashika brashi," alisema. "Siyo kuchora mstari ulionyooka. Kushika."

Nilirudi ndani nikiwa na furaha ambayo sijaipata tangu mama yetu afariki.

10 Machi

Leo nimefanya kazi ya maana. Folda ya hati kwenye kompyuta ile ni aibu ya ukoo. Nilikuwa natafuta orodha yangu ya vitabu, nikaikuta imebanwa katikati ya folda tisa za gemu, kila moja imejiweka pale bila kuomba ruhusa. Nyingine inaanza na jina la waliotengeneza gemu, ndani yake jina la gemu, ndani yake tena folda tupu. Moja inahifadhi ripoti za makosa yake yenyewe, faili mia tatu na ushee. Hata gemu ambazo mdogo wangu alizifuta zamani zimeacha mizigo yao hapa, kama wageni waliosahau viatu.

Nikatengeneza folda moja kwenye diski ya pili, nikaiita Michezo, nikahamishia zote humo, kila gemu na rafu yake. Pale zilipotoka nikaacha njia za mkato zenye majina yale yale, ili gemu ikija kutafuta vitu vyake ifuate njia ivikute. Imenichukua saa mbili na nusu. Nilipomaliza, folda ya hati ilikuwa na vitu vyangu vinne tu na zile njia zimejipanga chini. Niliiangalia kama mtu anavyoangalia sakafu aliyotoka kuipiga deki.

Mdogo wangu akirudi atadhani kompyuta imeolewa.

11 Machi

Radi, umeme umekatika kutwa. Baba hakuendesha. Tumecheza karata, ameniibia mara nne kwa mkono mmoja.

12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Baada ya chai ya asubuhi Baba alikaa kwenye usukani kama kawaida. Lori likatoka gereji. Kwenye kona ya kwanza kabisa, ile nyepesi ambayo hata haiangalii, alizungusha usukani kama anavyozungusha siku zote, na lori likaenda moja kwa moja. Likavunja uzio, likaingia mtaroni. Akacheka. Akasema dereva amelewa.

Mara ya pili likaingia mtaroni. Mara ya tatu akazungusha mpaka bega likapanda, lori likapinda kidogo, nyuzi mbili tatu, likagonga uzio ule ule. Hakucheka. Akautoa mkono wa kushoto alikoukalia, akausaidia wa kulia, ikawa bado. Nilihesabu mara saba.

Kwa sekunde moja niliifikiria kompyuta. Nikaangalia kwenye kioo. Lori ni lile lile la buluu, gereji ile ile, kilomita ni zile zile elfu kumi na moja. Nikajiambia, kama ningekuwa nimevuruga kitu, hivi ndivyo vingekuwa vya kwanza kupotea.

Baba aliuangalia mkono wake. Halafu akauambia mkono, siyo mimi, "Umeniacha na wewe."

Akalia. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata makaburini siku tuliyomzika Mama. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kikombe chake mkononi, na nilichofanya ni kukiweka mezani taratibu kisitoe sauti.

13 Machi

Mdogo wangu amepiga simu asubuhi. Mtoto amezaliwa, wa kike, ana saa tatu tangu aje duniani. Mtandao unakatikakatika, mvua inanyesha huku na huko. Nikampa hongera, nikamwambia habari za Baba.

Akauliza, "Dada, umegusa mafaili ya gemu?"

"Sijagusa kitu," nikasema.

Limenitoka kabla sijalifikiria. Nilijua angenicheka na kabati langu, na niliona hapakuwa na sababu, maana lori lilikuwapo na kilomita zilikuwapo. Kupanga siyo kugusa. Ndivyo nilivyojiambia.

"Una hakika?"

"Nimeshakwambia."

"Basi kama ni wewe umesema, basi," akasema. "Basi ni mkono." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa chini ghafla. Nyuma yake mtoto alikuwa analia, simu ikakatika.

14 Machi

Baba hakuingia chumba cha mbele.

15 Machi

Leo pia. Mvua.

16 Machi

Bibi Nyosha amemkagua. Amemwambia abane vidole vyake, asukume, avute. Anasema havijapungua nguvu, haelewi. Baba akamjibu kwamba yeye anaelewa, na kwamba mwenye mkono ndiye anayejua. Bibi Nyosha amemwandikia barua ya kwenda hospitali, akachunguzwe kama amepata kiharusi kingine kidogo.

19 Machi

Hospitali tangu saa mbili asubuhi. Wamempiga picha ya kichwa. Wakati akiingizwa kwenye ile mashine alinipa saa yake nimshikie, akaniambia kama hatatoka niwape majirani karata zake, maana mimi sijui kuzitumia. Nilicheka na machozi yakanitoka pamoja.

22 Machi

Picha haionyeshi kiharusi kipya. Nikashangilia. Daktari akasema vidogo sana wakati mwingine havionekani. Baba akalisikia hilo la pili tu. Njiani alisema, "Nilijua."

Nikampigia mdogo wangu. Anataka kurudi. Nikamwambia atulie na mtoto, mimi nipo.

25 Machi

Nimejua.

Nilikuwa natafuta nakala ya orodha yangu. Kwenye folda ya hati, ile niliyoipiga deki, nikaona pameota folda mpya. Ina jina la gemu ya malori. Imekaa kando ya njia ya mkato niliyoiacha mimi, majina yanafanana, moja ni folda na nyingine ni kibao tu kinachoelekeza. Gemu haikufuata kibao. Ilikuja nyumbani kwake siku ile, ikakuta samani zimehamishwa, ikajenga nyingine mpya kama vile hapajawahi kukaa mtu.

Nikafungua folda mpya. Nikafungua na ile ya zamani, kule Michezo. Kila moja ina faili lenye jina lile lile, la mipangilio, maandishi matupu ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma. Nikayaweka mawili kando kwa kando, nikayapitia mstari kwa mstari, kazi ninayolipwa kuifanya. Yanatofautiana mahali pamoja. Mzunguko wa usukani: kwenye faili jipya ni digrii mia tisa, kama gemu inavyokuja yenyewe. Kwenye la zamani ni mia mbili na kumi.

Maana yake ni hii. Kwa mia mbili na kumi, mtu akisogeza mkono kidogo, robo tu ya duara, lori linapinda vya kutosha. Kwa mia tisa inabidi uzungushe zaidi ya duara zima upate kitu kile kile. Mimi mwenye mikono miwili mizima nimejaribu, na bega limeniuma.

Na kilomita? Na lori la buluu? Gemu hii huweka vitu vyake mahali pawili. Pale mchezaji alipoishia inapahifadhi kwingine, kwenye folda iliyofichwa ambayo siku ile sikuifikia. Ningezihamisha zote mbili, Baba angewasha akakuta hana lori, hana gereji, angejua mara moja kwamba kompyuta imeharibika, angenitukana na yangekwisha. Niliacha kila kitu alichokijua, nikaondoa kitu kimoja ambacho hakukijua.

Kwa sababu hakukijua. Kando ya faili la zamani kuna faili jingine, dogo, linaitwa "baba". La mdogo wangu. Tangu nimkumbuke namwita mtu wa ovyo, mtu wa kuacha mkasi kwenye sukari. Nimenakili sehemu:

"Oktoba, Ijumaa ya pili. 60. Tumeanza. Ukimwambia umeongeza anakaza bega, Nyosha anasema usimwambie."

"Ijumaa. 110. Amechoka mapema. Wiki ijayo usiongeze."

"Ijumaa. 140. Ameshika kikombe, hajui kama nimemwona."

"Ijumaa. 210. Kona ya saruji karibu. Dada anakuja, usiongeze mpaka urudi."

Miezi mitano, kila Ijumaa. Nimeorodhesha vitabu maisha yangu yote na sijawahi kuandika orodha kama hii.

Nimerudisha folda mahali pake, nimefuta ile mpya na njia yangu ya mkato. Nikawasha. Nikazungusha robo duara kwa mkono wa kulia. Lori likapinda, likapita kona ya kwanza, likapita ya kiwanda.

Nikaenda sebuleni. Baba alikuwa anamenya chungwa kwa mkono wa kushoto, amelibana katikati ya magoti.

"Baba, hebu kajaribu usukani leo."

"Wa nini?"

"Nina hakika leo utakubali."

Akaacha kumenya. "Una hakika kwa nini?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilichotakiwa ni sentensi moja. Lakini kabla ya sentensi hiyo nilimwona daktari wa picha, na Bibi Nyosha akiandika barua, na Baba ndani ya ile mashine bila saa yake, na mdogo wangu akiniuliza una hakika. Nikaona nitasimama katikati yao wote.

"Nahisi tu," nikasema.

"Mama," akaniambia, huniita hivyo akiwa na upole, "usinifariji kama mtoto."

26 Machi

Nimemwomba tena. Amekataa.

28 Machi

Nimemwomba tena. Ameniomba nisimwombe.

30 Machi

Mvua. Ukuta wa chumba cha mbele umepata unyevu, rangi inabambuka. Nimefunika kompyuta kwa shuka.

Nikiwa peke yangu naisema vizuri sana ile sentensi. Naisema nikiosha vyombo. "Baba, siyo mkono, ni mimi." Ina maneno matano tu.

3 Aprili

Baba alimwita mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ana duka lake la mabango na mvi nyingi kuliko Baba mwenyewe. Sisi humwita Fundi Herufi. Alikuja na mwavuli uliovunjika. Baba akaniambia nilete kisanduku cha chini ya kitanda.

Ni brashi zake. Alizitoa moja moja kwa mkono wa kushoto, akamweleza kila moja. Hii ya herufi nene. Hii ya kivuli, usiitie rangi nyeusi kamwe. Hii ameikata mwenyewe kwa wembe ili ipite kwenye pembe. Fundi Herufi alikuwa amezijua miaka thelathini, lakini alisikiliza kama mgeni.

"Mzee, si usubiri?" akamwambia. "Dada wa mazoezi alisema Agosti."

"Alisema kabla," Baba akajibu. "Mkono umeshaamua. Zikikaa chini ya kitanda nywele zitaliwa na wadudu."

Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai. Ukuta ule ni mwembamba, nilisikia kila neno. Nilifungua kinywa mara tatu na mara zote tatu nilikuwa nimeielekea birika. Nikapeleka chai. Nikamwuliza Fundi Herufi anaweka sukari ngapi.

Ameondoka na kisanduku ndani ya mfuko wa plastiki, kisilowe. Baba alisimama dirishani mpaka mwavuli ulipopinda mtaa. Niandike nini hapa ili nisijitetee? Nilikuwa na uwezo wa kulizuia, nikahesabu vijiko vya sukari.

4 Aprili

Hakuna.

6 Aprili

Bibi Nyosha hakunyoosha leo. Alijaribu, vidole vikagoma, Baba akauma meno. Amemvisha banzi la kuviweka wazi. Barazani alinionyesha kwa kiganja chake. Mwanzoni mwa Machi vilikuwa vinafunguka mpaka hapa, leo mpaka hapa. "Wiki nne mkono haujafanya kazi," alisema. "Mazoezi yangu ya mara moja kwa wiki hayatoshi. Ule usukani ndio uliokuwa unafanya kazi yote."

Nikamuuliza kama akirudi kwenye usukani utafunguka tena. Akasema kwa uaminifu hajui. Akaniuliza, "Hivi kwani ilianzaje?"

Nikasema hata mimi sielewi. Huo ni uongo wa pili, na huu nimeusema nikiwa najua kila kitu.

9 Aprili

Mvua.

11 Aprili

Baba analala mchana. Zamani alikuwa anawadharau wanaolala mchana.

14 Aprili

Nimemaliza orodha ya vitabu kabla ya wakati. Wamenisifu kwa umakini.

18 Aprili

Wamerudi, watatu. Mtoto ana kipaji cha uso cha Baba. Wifi alimlaza kwenye mkono wa kushoto wa babu yake, na wa kulia ukabaki kwenye banzi, kando. Mdogo wangu aliuangalia ule mkono, akatoka nje. Alisema anakwenda kuangalia mtaro wa maji.

19 Aprili

Baada ya chakula cha mchana nilimkuta kwenye kompyuta. Shuka limekunjwa vizuri juu ya kiti. Hakugeuka.

"Dada, zile ripoti za makosa za gemu, uliwahi kuzisoma?"

Nikasema hapana.

"Mimi pia huwa sizisomi." Akaweka kidole kwenye kioo. "Hii ya tarehe kumi na mbili Machi, iliyobaki kwenye folda iliyofichwa, inasema mipangilio haikupatikana, imetengenezwa mipya. Tarehe hiyo mimi nilikuwa barabarani na wifi yako ana uchungu."

Nikalitoa shuka kitini, nikakaa.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukaniambia hujagusa. Nikamwambia mke wangu, siku mtoto anazaliwa, kwamba mkono wa Baba umekufa. Nililia kwenye korido ya watu wa kuzaa, wakanipa hongera."

Nikamweleza yote, na kwamba nimejua tangu Machi ishirini na tano. Hapo ndipo alipogeuka. Makosa ya tarehe kumi nadhani angenisamehe pale pale, hata kucheka angecheka. Nilimwona akihesabu siku kutoka ishirini na tano mpaka leo.

"Mimi sitamwambia," akasema mwishowe. "Nikimwambia mimi itakuwa nimekushtaki. Utamwambia wewe, na utamwambia kesho."

20 Aprili

Nimemwambia.

Alikuwa barazani, mvua imepumzika kidogo. Nilipiga magoti, siyo kwa kupanga. Nikasema ile sentensi ya maneno matano, na ikatoka vibaya kuliko nilivyoifanyia mazoezi. Nikaeleza digrii. Nikaeleza kibao cha njia na folda mbili. Nikaeleza kwamba mdogo wangu alikuwa anamwongezea kumi kumi kila Ijumaa na kwamba mkono wake ulikuwa umezifuata zote.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo siku ile mkono ulikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima, Baba. Ulikuwa unafanya vile vile ulivyofanya siku zote."

"Na wewe ulijua lini?"

Nikamtajia tarehe.

"Brashi zilikuwa bado zipo."

"Zilikuwa bado zipo."

Akaangalia banzi lake. "Kwa nini hukusema?"

"Niliona aibu, Baba."

"Aibu yako ilikuwa inakuuma kuliko mkono wangu?" Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Baadaye kidogo nilimwambia nitakwenda kwa Fundi Herufi kuzirudisha. Akakataa. Alisema alizitoa kwa moyo mmoja na ameshaona bango lililochorwa nazo, ni zuri, na hataki mtu aende kudai kitu kwa niaba yake. Akaniomba nimwitie mdogo wangu.

22 Aprili

Wamemvua banzi, akakaa kwenye usukani. Sote tulikuwapo, Bibi Nyosha pia. Faili lilikuwa lile lile la zamani, mia mbili na kumi, kama lilivyokuwa siku ninafika.

Mkono haukuweza. Uliushika usukani, ukausogeza upana wa vidole viwili, ukaishia hapo. Lori likaingia mtaroni. Mwezi mzima nililifikiria faili lile kama ufunguo, kwamba nikilirudisha nimerudisha kila kitu. Lilikuwa faili la mkono wa Machi, na mkono ule hatunao tena.

Baba hakulia safari hii. "Shusha," akasema. Mdogo wangu akaandika mia na hamsini. "Shusha." Mia. "Shusha."

Lori lilipinda kwenye hamsini. Oktoba walianzia sitini.

"Kuanzia sasa niambieni namba," Baba akasema. "Kila Ijumaa. Sitaki tena kuhurumiwa kwa siri." Mdogo wangu akainamisha kichwa, na nikaona kwamba na yeye amepata sehemu yake ya lawama, ambayo nisingeharibu mimi asingeipata.

28 Aprili

Bibi Nyosha anasema Agosti isahauliwe. Hasemi mwezi mwingine.

1 Mei

60.

8 Mei

60 tena. Alichoka. Mvua zimepungua, ukuta umeanza kukauka.

15 Mei

70. Nimeongeza muda wangu hapa. Wifi anasema hana shida, nyumba ni yangu pia. Mdogo wangu anaongea nami vizuri, ananiachia chai kwenye chupa. Hajaniita Bi Kabati tangu arudi.

22 Mei

80. Siku ya jua kutwa nzima.

Leo alikuwa anajaribu kona ya kwanza, ile nyepesi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeegemea, sijasema neno. Alikosea mara mbili. Ya pili, lori likiwa limelalia ubavu, alinitazama, akatazama kompyuta, akaangalia mkono wake, kisha akanitazama tena.

"Mama," akasema, "nenda kakae sebuleni."

"Nakusumbua, Baba?"

"Hunisumbui." Alisema kwa upole kabisa, akinikwepa macho. "Ila nikikosea ukiwa umesimama hapo, sijui kama ni mkono au ni wewe."

Nimekwenda sebuleni. Kupitia ukutani namsikia mdogo wangu akimwambia pole pole, pinda sasa, na injini ya lori inanguruma. Kila ikinyamaza nangoja kusikia kama amepita, lakini siinuki kwenda kuona.